Usiku Ambao Hatukuwasha Mshumaa

Naandika haya nikimfikiria mtu mmoja nisiyemjua. Amekaa kando ya kitanda, anamsikiliza mwenzake akipumua, na pembeni kuna mtungi mweusi ulioletwa jana ambao anauogopa. Mimi nimekaa hapo. Ngoja nikueleze tulivyopita, huenda kukawa na neno la kukufaa.

Kwetu ni Ndara, nje ya mji wa Voi. Mume wangu alichimba vito ujanani, huko upande wa Kasigau, kabla hatujapata watoto. Wengi wa rika lake walikwenda. Lile jiwe la kijani ambalo wazungu walilipa jina la Tsavo mwaka 1974 lilikuwa ndoto ya kila kijana, na ingawa wachache walilipata, vumbi walilipata wote. Nilipokuwa nikifua nguo zake maji yalibadilika yakawa meupe. Hatukujua kwamba unga ule wa mawe ulikuwa unaingia kifuani na haukutoka tena. Miaka ikapita, akapata kifua kikuu, akameza dawa miezi sita bila kukosa hata moja, akapona. Lakini mapafu yalibaki na makovu. Akawa anapanda kilima akisimama njiani, kisha akawa haendi kabisa, kisha hata kuvaa shati ikawa kazi ya kupumzikia.

Mwaka 2023 alilazwa mjini Voi. Walimvisha kile kidude cha kidoleni kikasoma 79. Muuguzi hakusema kitu, alitoka haraka tu. Nikajua.

Alipata nafuu wodini kwa sababu oksijeni ilikuwepo. Kisha daktari akaniita pembeni akaniambia kwamba anaweza kurudi nyumbani, ila arudi na oksijeni, na huenda akaihitaji maisha yake yote. Lita mbili kwa dakika. Kidole kisome kati ya 88 na 92. Nikamuuliza kwa nini tusimpe nyingi afike mia. Akanieleza kwamba mapafu yaliyochoka namna hii yakipewa oksijeni kupita kiasi, mgonjwa anaweza kulegea na kusinzia kwa sababu ile hewa chafu inajaa ndani ya damu. Hii ni dawa, mama, akasema, ina kipimo chake. Nilikuja kusikia baadaye kwamba Shirika la Afya Duniani liliiweka oksijeni katika orodha ya dawa muhimu, na kwamba Mei mwaka huo huo nchi wanachama zilipitisha azimio huko Geneva la kutaka kila mtu aipate. Habari hiyo haikufika Ndara. Kilichofika ni karatasi ya daktari na swali la pesa.

Kila Mkenya anakumbuka mwaka 2021, wakati wa korona, neno oksijeni lilipokuwa sawa na kifo. Mitungi ilikuwa haba hadi serikali ikawaomba waliokuwa nayo bila kuitumia wairudishe. Kwa hiyo tulipotangaza shida yetu kwenye kundi la ukoo, wa kwanza kujibu alikuwa binamu wa mume wangu, fundi wa kulehemu. Alisema kwa moyo mweupe: mimi ninao mtungi wa oksijeni karakana, njooni mchukue, msisumbuke. Mungu ambariki. Lakini yule muuguzi aliposikia aliinua mkono kama askari wa barabarani. Gesi ya kulehemu yaweza hata kuwa imetoka kiwanda kimoja na ya hospitali, alisema, ila mtungi wake hakuna anayeujua ulikopita. Huenda umewahi kuingia mafuta, maji, au gesi nyingine. Wa hospitali unasafishwa, unapimwa, unaandikwa ndani kuna nini na ulijazwa lini. Binamu hakununa. Alitoa mchango wa pesa badala yake.

Basi watu walichanga. Ukoo, jirani, akina mama wa kanisa. Sitasema mengi juu ya hilo kwa sababu ndivyo watu wetu walivyo, na anayesoma ana watu wake pia.

Tulinunua vitu viwili. Cha kwanza ni mashine ya kuchuja hewa. Hewa hii ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi, nyingi iliyobaki ni naitrojeni. Mashine inaizuia naitrojeni, na mgonjwa anapata oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Hapo nakuomba uwe macho sana. Mtandaoni kuna vimashine vidogo vya bei nzuri vimeandikwa lita moja hadi saba, na wauzaji hawasemi kwamba ukiongeza lita, oksijeni yenyewe inapungua hadi asilimia 30 au karibu na hapo. Hiyo ni hewa ya kupepea tu. Sisi tulikwenda na fundi wa vifaa vya hospitali, akaja na kipimo chake, akaifungua lita zote tano na kuiacha ingurume muda mrefu dukani huku muuzaji akitukunjia uso. Ikasoma 93. Ndipo tukalipa.

Cha pili ni mtungi wa akiba, kwa siku ambayo stima itapotea. Kwa kawaida unaweka amana ya mtungi na kulipia gesi, ikiisha unarudisha na kupewa mwingine. Wetu ulikuwa wa kimo cha kati, mweusi wenye mabega meupe. Wengi huangalia rangi wakaridhika, lakini rangi hupakwa na mtu yeyote. Soma lebo. Tafuta tarehe ya kupimwa kwa chuma iliyogongwa begani. Angalia kifuniko cha kiwandani kwenye valvu kama hakijaguswa. Kisha uliza una lita ngapi. Wetu ukijaa una lita 1,360. Gawanya kwa mbili, ni dakika 680, saa kumi na moja na dakika ishirini. Hesabu hiyo niliiandika kwa kalamu ya mpira nyuma ya mlango, na siku moja ilikuja kuwa na thamani kuliko pesa.

Kabla ya kuruhusiwa, muuguzi alitukalisha mimi na mwanangu wa kwanza. Mwanangu anatengeneza bodaboda pale stendi. Alikuja mbio kutoka kazini, akashika kichwa cha mtungi ili ajifunze kukifunga, na muuguzi akamrudisha mkono. Mikono yake ilikuwa na grisi. Alimpeleka kwenye beseni akaosha kwa sabuni hadi kucha. Ndipo akatueleza, na ninakueleza na wewe: oksijeni yenyewe haiungui, lakini huupa moto nguvu usiyowahi kuiona, na mafuta au grisi yakikutana na oksijeni yenye msukumo mkubwa yanaweza kuwaka bila hata njiti. Kwa hiyo spana safi, mikono safi, na mgonjwa asipakwe mafuta ya mgando puani hata kama pua imekauka. Tumia jeli iliyotengenezwa kwa maji. Hakuna kulainisha valvu iliyokaza. Hakuna kupiga nyundo. Valvu inafunguliwa polepole, umesimama kando, uso mbali na saa ya kupimia.

Akatueleza pia habari ya Baghdad, ya Aprili 2021, hospitali ya Ibn al-Khatib iliyowaka moto ulioanzia kwenye mitungi ya oksijeni. Walikufa zaidi ya watu 80. Wagonjwa na jamaa zao waliokuja kuwauguza, akasema, watu kama nyinyi. Nilitamani asingesema. Leo namshukuru.

Safari ya kuuleta mtungi nyumbani nayo ilikuwa darasa. Gesi zetu hutoka Mombasa, zaidi ya kilomita mia kwa barabara ile ya malori, na muuzaji wa Voi aliniambia kwamba mtungi uliojaa una msukumo wa zaidi ya mara 130 ya hewa ya nje. Ukianguka, valvu ikakatika, chuma chote kinaruka na kupasua ukuta. Kwa hiyo hausafirishwi ukibiringika. Valvu inafungwa, ile saa ya kupimia inavuliwa, kofia ya chuma inavishwa, kisha mtungi unafungwa kamba usitikisike hata gari lipige shimo. Madirisha wazi. Hakuna sigara. Hakuna jerikeni ya petroli humo ndani, wala gunia la makaa, wala mtungi wa gesi ya kupikia. Na ukishafika usiuache kwenye gari lililofungwa juani ukaingia kunywa chai, maana jua la Voi mnalijua. Bodaboda mmoja alitaka kuupakata mbele ya tangi la petroli. Nilimlipa nauli yake ya kuja akaenda zake.

Nyumbani tuliuweka kwenye kona ya chumba chenye dirisha, umesimama, umefungwa mnyororo ukutani kwa ndoano mbili. Si kabatini, kwa sababu ukivuja hewa inajaa humo. Jiko letu liko nje, na hilo lilitusaidia. Moto wowote ukae mita tatu na zaidi kutoka kwa mgonjwa na mtungi wake. Jambo ambalo wengi hawalijui ni nguo. Oksijeni inakaa kwenye blanketi, kwenye shati, kwenye nywele. Mgonjwa akivua mpira wa pua asiende moja kwa moja kuota moto. Akae nje apigwe na upepo nusu saa hivi. Na mpira usiachwe ukifoka kitandani.

Tukazoea. Mashine ikawa inanguruma usiku kucha nami nikalala fofofo kwa sababu ya mngurumo huo. Mara mbili tatu stima ilipotea kidogo, tukafungua mtungi, ikarudi, tukafunga. Sindano ya ile saa ya kupimia ikawa imeshuka hadi nusu. Mwanangu angeupeleka kubadilishwa Jumamosi.

Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023. Ilikuwa haijafika saa nne usiku. Mngurumo ulikatika.

Nilidhani ni kwetu tu. Mwanangu alitoka nje, akarudi. Voi yote giza. Simu zikaanza kulia: Mombasa giza, Nairobi giza, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko gizani. Nchi nzima. Basi hakuna anayejua itarudi lini.

Tukafungua mtungi. Nusu. Nikamulika nyuma ya mlango kwa simu. Nusu ya saa kumi na moja ni saa tano na nusu. Ukihesabu kutoka pale inafika saa tisa na nusu usiku. Na kunakucha saa kumi na mbili.

Nilihesabu tena. Ikawa ile ile.

Kwenda Voi usiku ule ilikuwa shida nyingine. Wiki hiyo ndovu walikuwa wakivuka barabara yetu kutafuta maji, na giza kama lile hakuna dereva wa kwetu anayekubali. Muuzaji wa mitungi simu yake ilikuwa imezimwa. Tulipiga. Tukapiga. Mume wangu alikuwa ameketi amejiegemeza kwenye mito, macho yake kwangu. Hakuuliza. Aliona uso wangu.

Kidole kilisoma 90.

Hapo mama mkwe akaingia. Ni mzee, anatembea kwa kushika ukuta. Alikuwa na mshumaa mkono mmoja na kiberiti mkono mwingine. Aliona mwanawe yuko gizani, akaja kumwashia. Ndivyo alivyolelewa, mgonjwa haachwi gizani. Nilisikia njiti ikitikisika ndani ya boksi.

Niliruka. Nilimshika mkono. Mimi, mkwe, kumshika mama mkono hivyo, jambo ambalo sijalifanya tangu niolewe. Nikasema, mama, nisamehe. Kiberiti hapana. Nisamehe.

Alinyamaza. Kisha akasema, miaka yote hii sijakaa na mgonjwa gizani. Lakini akanipa boksi. Nililitoa nje nikaliweka mbali, juu ya kichuguu, kana kwamba lingeweza kutembea likarudi lenyewe.

Tulibaki na mwanga wa simu na kitaa kidogo cha sola kilichokuwa kinafifia. Saa sita usiku nilimpata yule muuguzi. Alikuwa zamu, kwao jenereta ilikuwa inafanya kazi. Sauti yake ilikuwa tulivu na hiyo peke yake ilinisaidia. Akasema, usiguse kipimo kwa kubahatisha. Mketishe wima. Asiongee. Apumue akiwa amebana midomo, ajifunze kutoa pumzi polepole. Sasa shusha kutoka mbili hadi moja na nusu, ukae na kile kidude kidoleni. Kikikaa 88 au juu, endelea. Kikishuka, rudisha, na mniletee hapa hata kwa mkokoteni.

Nikashusha. 89. 89. 88.

Kikakaa 88.

Baada ya muda, kwa ruhusa yake, nikashusha hadi moja. 88. 87. Nikarudisha kidogo. 88. Sikuondoa macho. Usiku huo sikuomba kwa maneno, nilikuwa nasema namba. Mama mkwe ndiye aliyeomba. Aliketi sakafuni akaomba kwa Kidawida, sauti ya chini, akimtaja kila mtu wa nyumba ile kwa jina, walio hai na waliotangulia, na akifika mwisho anaanza upya. Mume wangu alikuwa akitoa pumzi kufuata sauti ya mamake. Niliona hilo. Sindano ilikuwa inashuka.

Saa nane. Saa tisa. Kufikia saa tisa na nusu, ile saa niliyokuwa nimeiogopa, mtungi ulikuwa bado una kitu. Mara moja kidole kilisoma 85 na midomo yake ikabadilika rangi. Nilifungua hadi mbili. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Nilisubiri. 86. Nilisubiri. 88. Nikatoka nje nikatapika, nikanawa mikono kwa sabuni, nikarudi.

Saa kumi na kitu alfajiri muuzaji alipokea simu. Alikuwa na mitungi, angefungua sasa hivi. Jirani yetu mwenye Probox akasema twende, na ndovu Mungu anajua. Mwanangu aliniambia baadaye kwamba nyuma ya gari kulikuwa na magunia ya makaa na jerikeni ya petroli, shehena ya Jumamosi ya jirani. Aliishusha yote chini kando ya barabara kabla ya kupakia mtungi, na jirani hakubisha, alisaidia kushusha. Waliufunga kwa kamba za mbuzi, wakashusha vioo vyote, wakarudi pole pole kwa baridi ile. Mambo yale muuguzi aliyoyasema, kijana aliyashika yote na akili yake ikiwa imejaa hofu ya babake.

Waliingia kukiwa kumepambazuka. Sindano yetu ilikuwa imeingia kwenye nyekundu. Mwanangu aliosha mikono kwanza. Nilitaka kumpigia kelele awahi, lakini aliosha mikono, akafunga wa zamani, akavua kichwa, akakivisha kwenye mpya, akafungua taratibu akiwa amesimama kando. Tukausikia ule mlio. Kidole kikapanda 90, 91. Mama mkwe akasema Amina, akaomba chai.

Stima haikurudi asubuhi ile. Haikuwa neno tena.

Baada ya hapo watu walitushauri tununue sola. Tulimwita fundi. Akapima mashine, inakula wati kama 350, na sola yetu ya taa mbili na kuchaji simu isingeibeba hata nusu saa. Ya kuibeba usiku kucha yataka betri kubwa, bei ya shamba. Kwa hiyo tulitafuta amana ya mtungi wa pili, na kanuni ya nyumba ikawa moja: mmoja ukishuka chini ya nusu unaenda kubadilishwa siku hiyo hiyo, haungoji Jumamosi. Uliojaa na mtupu haikai pamoja, na mtupu tunaufunga valvu wakati bado una pumzi kidogo ndani ili unyevu usiingie. Nchi ilipokuwa gizani tena Jumapili ya tarehe 10 Desemba mwaka huo huo, tulikaa tukazungumza habari za harusi ya mpwa wetu. Mume wangu alilala kabla yangu.

Yupo. Anakwenda kanisani Jumapili moja moja, na kimtungi kidogo tunachoazima, anaketi benchi la karibu na mlango, na mishumaa ya madhabahuni tunakaa nayo mbali. Siku zake si zote nzuri. Mimi nami sijapona kabisa. Taa ikipepesa tu nimeshasimama, na bado nafungua mlango ule kusoma hesabu ambayo naijua kwa moyo.

Juzi mama mmoja wa Maungu alinipigia, mwanawe anaruhusiwa kutoka hospitalini na mashine na mtungi, naye hajui auweke wapi. Chumba chake ni kimoja na anapikia humo humo. Tumekubaliana jiko lihamie kwa jirani yake, na mwanangu atakwenda Jumamosi kumtobolea ukuta na kufunga ndoano. Mnyororo ninao, ulibaki tulipofunga wetu.